Maswali yenu: umeme wa ukutani na muziki wa sebuleni

Habari zenu wapenzi wa muziki. Maswali yamejaa na karibu yote yanazungukia kitu kimoja, umeme, watu wanataka kujua kama wanunue filta, stebilaiza, au lile boksi zito linaloitwa rijenereta, linalotengeneza umeme upya. Nimechagua sita, yanayofanana nimeyaunganisha, twende.

Shikamoo fundi. Ampu yangu inavuma jioni, asubuhi inakaa kimya kabisa. Jamaa mmoja kaniambia umeme wangu ni mchafu na dawa yake ni rijenereta. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hela yoyote nijibu hili kwanza, huo mvumo unatoka kwenye spika au kwenye boksi lenyewe la ampu? Weka sikio kwenye spika, halafu weka sikio kwenye kifuniko cha ampu. Naona watu wengi wanaruka hatua hii wakati ni magonjwa mawili tofauti kabisa, dawa ya moja haitibu lingine.

Kwa vile umesema jioni tu, mi nahisi ni boksi. Ampu nyingi nzuri zina transfoma ya umbo la pete, na transfoma hiyo ina adui mmoja mkubwa, DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, iliyojipenyeza ndani ya AC, ule wa ukutani unaogeuka upande kila mara. Umeme wa AC unatakiwa upande na kushuka sawasawa, nusu ya juu ilingane na nusu ya chini, sasa akitokea mtu akawasha draya ya nywele kwa moto mdogo, zipo draya zinazopunguza moto kwa kuweka dayodi moja tu, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja, inayokata nusu ya wimbi, basi nusu moja inabebeshwa mzigo na nyingine inakwenda mikono mitupu, mizani inainama. Ni kitu kidogo, nusu volti hivi, pengine volti nzima, juu ya volti 230. Ila waya wa praimari, ule unaopokea umeme wa ukutani, wa hiyo transfoma una ohmu chache sana na chuma chake hakina mwanya wowote, kwa hiyo hata nusu volti inatosha kusukuma mkondo unaojaza sumaku upande mmoja, na chuma kikishajaa basi kila wimbi likija linakitetemesha, ndo hiyo ngrrr unayoisikia. Jioni watu wamerudi majumbani, vifaa vimewashwa, asubuhi hamna.

Rijenereta itaitibu kweli, maana inatengeneza wimbi jipya ambalo halina DC. Lakini kuna dawa ndogo inayotosha, kizuizi cha DC, yaani kapasita mbili kubwa, vile vipande vinavyohifadhi umeme na kuzuia DC, zilizogeuziana migongo na dayodi za kuzilinda pembeni, vyote vinafungwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme unaoingia kwenye transfoma. Mpe kazi hiyo fundi anayeijua vizuri, maana kile kitu kinakaa kwenye umeme mkuu, siyo cha kujaribia mezani.

Na kama ni spika ndo zinavuma, hapo umeme mara nyingi hauna kosa. Chomoa nyaya za sauti zinazoingia kwenye ampu moja moja, kila ukichomoa zima kwanza. Mvumo ukikata ulipochomoa kifaa fulani, umeshampata, ni mzunguko wa athi, yaani wa ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, vifaa viwili vimeshika athi kwa njia mbili tofauti na waya wako wa sauti umegeuka kuwa daraja kati yao. Waya wa antena ya TV ndo mkosaji ninayekutana naye zaidi. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, au weka transfoma ndogo ya sauti kati ya vile viwili vinavyogombana. Mvumo ukibaki hata nyaya zote zikiwa zimetoka, na ni ule mkali wa hezi 100 badala ya 50, basi kapasita za ndani ya ampu zimechoka, peleka kwa fundi. Ila nakuomba kitu kimoja kama kaka yako, usikate waya wa athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, lakini siku laivu, waya wenye moto, ikigusa bati la ampu, njia ya kwenda ardhini itakuwa ni mtu aliyeishika.

Fundi, hii rijenereta hasa ni kitu gani, na inabadilisha sauti au ni maneno ya wauzaji?

Hili swali nimelipata kutoka kwa watu wengi, tukae nalo kidogo.

Kwanza siyo jenereta ya mafuta, wapo walioniuliza hivyo. Ni ampu. Kabisa, ni ampu kubwa ambayo badala ya kupiga muziki inapiga noti moja tu siku nzima, hezi 50 au 60. Inachukua umeme wa ukutani, inaugeuza kuwa DC, ndani kuna kisakiti kidogo kinachotengeneza wimbi safi la sine, halafu ampu inalikuza hilo wimbi mpaka volti 230 au 120, na vifaa vyako vinakula kutoka hapo. Walioitangaza sana kwa wapenda muziki ni PS Audio wa Marekani, hizo herufi P na S ni Paul McGowan na Stan Warren, na ile P300 yao ilikuwa na wati 300. Accuphase wa Yokohama wana njia nyingine ambayo binafsi naiona ya akili sana, wao hawatengenezi wimbi lote upya, wanalipima linaloingia, wanalilinganisha na wimbi la mfano, halafu wanaongeza au kupunguza ile tofauti tu. Ukilitazama kwa hesabu ya moto unaelewa kwa nini, ampu inayofanya kazi yote inaunguza nguvu nyingi, chukua mzigo wa wati 300, boksi lenye ufanisi wa asilimia 50 litavuta wati 600 ukutani na nusu yake inakuwa joto chumbani, lenye ufanisi wa asilimia 85 litavuta kama 353.

Sasa inatibu nini? Watu wengi wanadhani uchafu wa umeme ni kelele za redio tu, zile za juu, kumbe tatizo kubwa mara nyingi ni umbo la wimbi. Volti 230 inayosomeka kwenye mita ina kilele cha volti 325. Vifaa vyetu karibu vyote, TV, kompyuta, taa za LED, chaja, na ampu zenyewe, vina rektifaya, ya kugeuza AC kuwa DC, na kapasita, na kapasita haili muda wote, inakula pale kwenye kilele tu, milisekunde 2 au 3 katika kila 10. Mtaa mzima unang'ata sehemu ileile ya wimbi kwa wakati uleule. Matokeo yake kilele kinachongwa, wimbi linakuwa bapa juu, na huo ubapa ndo hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye hezi mara 3, mara 5, mara 7 na kuendelea. Upotoshaji wa asilimia 2 au 3 ni wa kawaida kabisa, na kiwango cha Ulaya, EN 50160, kinaruhusu mpaka 8.

Na hapa kuna jambo ambalo mi lilinichukua muda kulielewa. DC ya ndani ya ampu inatokana na kilele, siyo na ile namba ya mita. Kilele kikichongwa kutoka 325 hadi 310, mita inaweza bado kusoma karibu na 230 na wewe ukaridhika, kumbe ampu imeshapoteza karibu asilimia 5 ya volti zake. Rijenereta inarudisha kilele, na kwa sababu ukinzani wake wa kutoka ni mdogo sana inakishikilia hata ampu inapovuta kwa nguvu.

Haya, unasikia? Nitasema ninavyoamini. Ampu iliyotengenezwa vizuri tayari ina transfoma, kapasita, regyuleta za kutuliza volti, na sakiti ambazo zenyewe zinakataa kelele ya sapulai, sehemu inayoilisha ampu umeme, kazi kubwa imeshafanyika humo ndani kabla muziki haujaguswa. Ukiwa na umeme mzuri na ampu nzuri, usitegemee rijenereta ikupe spika mpya. Lakini pale umeme unapopanda na kushuka, wimbi limechongwa sana, au una vifaa vya zamani ambavyo regyuleta zake zinakaribia kuishiwa volti, nimesikia tofauti na sikuhitaji mtu anielekeze wapi pa kusikiliza. Azima moja wiki nzima, mtu mwingine awe anahamisha plagi bila kukwambia, sauti iwe kwenye kiwango kilekile, andika unachosikia kila mara. Ukishindwa kuitambua, hela yako bado iko mfukoni.

Kuhusu filta za kawaida, zile zenye koili na kapasita, msimamo wangu ni huu, nzuri kwa vifaa vidogo, DAC inayogeuza muziki wa dijitali kuwa sauti, priampu inayotangulia ampu kubwa, strima ya muziki wa intaneti, ila kuwa makini na ampu kubwa. Niliwahi kununua moja kubwa nikachomeka ampu yangu ya wati nyingi, besi ikalegea, nikahangaika na spika wiki mbili nikizisogeza huku na kule, mpaka nikakaa nikafanya hesabu. Koili ya milihenri 1 ina ohmu 0.31 tu kwenye hezi 50, haitishi, lakini ampu haivuti mkondo laini, inavuta kwa vipande vifupi vyenye hamoniki nyingi, na kwenye hezi 500 koili ileile ni ohmu 3.1. Yaani nilikuwa nimeweka mlango mwembamba pale pale ampu inapotaka kupita mbio. Nikairudisha ampu ukutani, filta ikabaki kwa DAC, hadi leo.

Je, waya mnene wa umeme, ule wa bei kubwa, unasaidia?

Waya wenye shaba ya kutosha na plagi inayobana vizuri, ndiyo. Zaidi ya hapo, hapana kwa maoni yangu. Soketi iliyolegea ina madhara kuliko waya wowote mwembamba, maana vipande vya ampia 10 vikipita kwenye ohmu nusu unapoteza volti 5 pale kwenye kilele, tena soketi inachemka. Anza na soketi, kisha laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi ikiwezekana. Ukimlipa fundi umeme kwa hiyo kazi hujapoteza kitu.

Habari kaka. Mimi ni dada mpenda muziki. Nikigusa bati la ampu nasikia kama inanichoma kidogo hivi, vidole vinatetemeka. Nimenunua ekstensheni yenye filta lakini bado, tena naona imezidi. Nifanyeje?

Dada yangu, asante sana umeuliza, na naomba hili ulifanyie kazi leo. Nyumba yako, au angalau hiyo soketi, haina athi.

Ndani ya filta na ndani ya vifaa vingi kuna kapasita ndogo mbili, moja kutoka laivu kwenda kwenye bati na nyingine kutoka nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwenda kwenye bati, kazi yake ni kuzipeleka kelele za juu ardhini. Kama athi ipo kelele zinakwenda na wewe husikii chochote. Kama athi haipo zile kapasita zinagawana umeme nusu kwa nusu na bati linakaa kwenye volti kama 115. Mkondo wake ni mdogo, kapasita ya nanofaradi 4.7 inapitisha kama miliampia 0.34 kwenye volti 230, ndo maana ni kuchoma tu na siyo kukurusha. Ukiongeza filta umeongeza kapasita, kwa hiyo imezidi, filta haijaharibika, imekosa pa kumwaga.

Tatizo siyo hicho kimchomo. Tatizo ni kwamba siku insuleshini ndani ya kifaa kimoja ikipasuka, laivu yote itakuwa kwenye bati na fyuzi haitakatika, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi mpaka mtu aguse. Tafuta fundi umeme mwenye leseni aje apime athi kwa kifaa chake, siyo kwa testa ya bisibisi, na aweke ile swichi inayokata mkondo ukivuja, ya miliampia 30. Mpaka aje, zima na uchomoe, na watoto wasiguse kabisa. Hamna rijenereta, filta wala boksi lolote la kusafisha umeme linalochukua nafasi ya athi, na kinga nyingi za kulinda vifaa umeme ukiruka ghafla, bila athi zinafanya nusu ya kazi tu.

Jambo dogo la kukumbuka kwa wengine, ukiwa na filta nyingi sana kwenye laini moja ile mikondo midogo inajumlishana, na swichi ya kuvuja inaweza ikawa inakata ovyo bila kosa lolote.

Umeme wangu unapanda na kushuka, mita inasoma 195 saa nyingine 250. Nina ampu ya vali. Stebilaiza, UPS au rijenereta?

Kwako wewe ni lazima upate kitu, hapa sibishani. Vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya ampu, zina filamenti, waya wa kuzipasha moto, nyingi ni za volti 6.3 na zinavumilia asilimia 10 juu au chini, umeme ukikaa 250 kila siku unazizeesha, ukishuka 195 zinapoa na sauti inapoteza nguvu. Kwa ampu za transista hesabu ni rahisi, sapulai isiyokuwa na regyuleta ikishuka asilimia 10, nguvu ya juu kabisa inashuka asilimia 19, kwenye sikio ni kama desibeli 0.9, siyo msiba, lakini kwa vali ni suala la maisha yake.

Stebilaiza, boksi la kutuliza volti, ikiwa ya rilei, ile swichi ya umeme inayopiga ta-ta-ta, inaruka kwa ngazi na kila ikiruka kuna kukatika kidogo, kwa friji sawa, kwa muziki inaudhi. Ya mota ni bora zaidi, inateleza polepole, ila inachelewa umeme ukibadilika ghafla. Zote mbili hazigusi umbo la wimbi.

UPS, yaani boksi la betri linaloendelea kutoa umeme ukikatika, zipo za aina tofauti na majina yanachanganya. Za bei rahisi, zikiwa zinatumia betri, nyingi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, siyo sine, transfoma italalamika na mota itachemka, sizipendekezi. Lakini ile inayoitwa onlaini, inayogeuza AC kuwa DC na DC kuwa AC muda wote, hiyo ukiitazama kwa undani ni rijenereta yenye betri. Wimbi lake ni la sine, volti zake zimetulia, na mara nyingi kwa kila wati unalipa kidogo kuliko boksi la wapenda muziki. Hasara yake ni feni, zinapiga kelele, iweke chumba kingine upitishe waya, na ununue kubwa kuliko hesabu yako kwa sababu ya vile vipande vya mkondo nilivyoeleza juu. Hivyo ndivyo ningefanya mimi kwenye umeme kama wako.

Na kabla ya hayo yote weka rilei ya kulinda volti, inayokata ikizidi au ikipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, soketi yako inaweza kupata kuelekea volti 400, na hapo ile varista, kipande cha kumeza umeme unaoruka ghafla, iliyomo kwenye ekstensheni haikuokoi, yenyewe imetengenezwa kumeza mshtuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde, ikikutana na volti za juu zinazokaa itaungua, tena inaweza kuwaka. Halafu varista zinachoka, kila mshtuko unaimega kidogo, usiiamini taa ile ndogo inayosema uko salama kama ekstensheni ni ya miaka mingi. Radi ikianza kupiga chomoa kila kitu, na waya wa antena na wa intaneti pia, watu wanasahau hizo mbili halafu wanashangaa radi imeingilia wapi.

Mashine yangu ya santuri inakwenda kasi kidogo nikiwa kwenye jenereta. Ni masikio yangu?

Masikio yako ni mazima mzee wangu. Mota yako ni ya sinkronasi, yaani inafuata hezi za umeme, idadi ya mawimbi kwa sekunde, kama mtumwa, na hezi za gridi kubwa zimetulia, zikicheza 0.2 juu ya 50 ni asilimia 0.4 tu, wachache sana watasikia. Jenereta ndogo ikikimbia mpaka hezi 52 hiyo ni asilimia 4, na semitoni nzima ni kama asilimia 6, yaani wimbo wote umepanda zaidi ya nusu semitoni, mwimbaji lazima asikike mwingine.

Kwa mashine ya santuri kutengeneza umeme upya ni dawa halali kabisa, na ni wazo la zamani, Linn, watengeneza mashine za santuri, walikuwa na bodi yao ya Valhalla mwaka 1982 iliyompa mota wake hezi kutoka kwenye kristali, kipande kinachohesabu muda kama cha saa, badala ya ukutani. Tena mota inakula wati chache tu, kwa hiyo huhitaji boksi kubwa, kisapulai kidogo cha kuendeshea mota kinatosha. Zuri zaidi ni kwamba hezi zinakuwa mikononi mwako, ukizipeleka kutoka 50 hadi 67.5 santuri ya 33⅓ inageuka kuwa 45 bila kuhamisha mkanda kwenye puli. Ila angalia kwanza bamba la nyuma, kama mota ni ya DC au ya kuendesha moja kwa moja kwa kristali, hezi za ukutani hazimhusu na kosa la kasi liko kwingine, anza na mkanda.